Hisabu ya Mwaka: Je, Furaha Ndogo Zina Haki ya Kuhisabiwa?

Mwaka ukisha, ni ada ya watu wa miji yetu ya pwani kuketi barazani, birika la kahawa likiwa kati, wakauhisabu. Na mwenye kuitegea sikio hisabu hiyo huiona yote ni ya upande mmoja. Fulani kafariki, mchele umepanda bei, kijana wa fulani kamaliza masomo na kazi hana, nyumba ya warithi imeuzwa kwa ugomvi. Ukimwuliza mtu mwaka ulimpitiaje, atakujibu upesi, "Alhamdulillahi," kisha atakaa saa nzima akikutajia misiba. Neno la shukrani li ulimini tu, na daftari lote limejaa malalamiko.

Hatusemi kwamba misiba hiyo ni ya uwongo. Ni kweli, na mingine ni mizito. Lakini twauliza: yale mengine yaliyotokea ndani ya mwaka huo huo yamekwenda wapi? Mtoto aliyekhitimu juzuu yake ya kwanza; jirani aliyekuwa kitandani akaonekana tena msikitini; ndugu wawili waliokuwa hawasemezani wakapeana mikono; kaskazi iliyowapa wavuvi bahari tulivu baada ya ukali wa kusi; sahani ya futari iliyoletwa mlangoni na jirani jua likichwa. Je, mambo haya yana haki ya kuingia katika hisabu ya mwaka, ama ni mambo ya kitoto yasiyostahiki kutajwa na watu wazima?

Sisi twaona yana haki, tena haki ya lazima. Mfanyabiashara aandikaye kila kilichotoka dukani mwake asiandike kilichoingia, daftari lake ni la uwongo, hata kama kila tarakimu aliyoiandika ni ya kweli. Uwongo hauwi kwa kusema lisilokuwa peke yake. Huwa pia kwa kuficha lililokuwa. Basi mtu aliyeuhisabu mwaka wake kwa misiba tu, ameusingizia mwaka, na amemsingizia Aliyempa mwaka huo.

Wala jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Katika Suratul Aadiyat, Mwenyezi Mungu amemsifu binadamu kwa sifa ya "kanud" kwa Mola wake. Al-Hasan al-Basri, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra, alipolifasiri neno hilo alisema kwa maana kwamba ni yule azihisabuye taabu na akazisahau neema. Tazama, ndugu msomaji, jinsi alivyolitafuta kosa katika hisabu yenyewe. Hakusema ni yule mwenye taabu, kwani taabu haina mtu isiyemfika. Wala hakusema ni yule azitajaye. Amesema ni yule ambaye mkono wake mmoja waandika na wa pili wafuta.

Na wazee wetu wa pwani walikuwa na hekima katika jambo hili, ingawa wengi wetu hatuizingatii. Walikuwa wakienda na miaka miwili. Mmoja ni ule wa Nairuzi, wenye siku 365, uliokuwa ukihisabiwa kwa makumi ya siku, nao ndio uliokuwa ukiwaongoza manahodha, wavuvi na wakulima. Wa pili ni mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, ambao ndio wa ibada. Sasa tazama majina waliyoipa miezi ya mwaka huu wa pili. Shawwal waliiita Mfunguo Mosi, Dhulqaada Mfunguo Pili, Dhulhijja Mfunguo Tatu, na hata Muharram, unaofungua mwaka wa Hijra, kwa lugha yetu ni Mfunguo Nne. Hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kisha waja Rajabu, Shaabani na Ramadhani.

Mfunguo ni nini? Ni kule kufungua baada ya kufunga. Basi Mswahili alipotaka kujua yuko wapi katika mwaka wake, alikuwa akihisabu tangu siku ile alipofungua kinywa na watoto wakavaa nguo mpya. Miezi tisa mizima ilipewa jina la furaha moja. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametujulisha kwamba mwenye kufunga ana furaha mbili, moja wakati wa kufuturu kwake na ya pili wakati wa kukutana na Mola wake. Tende moja na funda la maji zimetajwa katika khabari moja pamoja na kukutana na Mwenyezi Mungu. Ni nani basi atakayethubutu kusema kwamba furaha ndogo haina cheo?

Labda mtu atasema: hayo ni ya siku za raha, ama mwaka ukiwa wote ni msiba, kuzitafuta furaha ndani yake ni kujidanganya. Jawabu ya hili tunayo katika sira. Ulikuweko mwaka ambao wanahistoria wameuita Mwaka wa Huzuni. Ulikuwa mwaka wa kumi tangu kupewa Utume, yapata mwaka 619 wa Miladi. Ndani yake alifariki Bibi Khadija, na akafariki Abu Talib aliyekuwa ngao ya Mtume mbele ya Makureshi. Kisha Mtume (S.A.W.) akaenda Taif kutaka msaada, na watu wa Taif wakamrudisha kwa matusi na mawe. Akakimbilia katika shamba la mizabibu la Utba na Shayba, wana wa Rabia, nao walikuwa katika maadui zake. Walipoiona hali yake huruma iliwaingia, wakamtuma mtumwa wao wa Kinasara, jina lake Addas, ampelekee sahani ya zabibu. Mtume akaipokea, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akala. Yule mtumwa akastaajabu kwa neno lile, wakazungumza. Na alipojulikana kuwa ni mtu wa Ninawi, Mtume akamtajia Nabii Yunus, mtu wa mji huo. Addas akamwinamia akambusu.

Tuzingatie. Waliotuhifadhia sira waliandika kifo cha mke, kifo cha ami, mawe na matusi. Na hawakuiacha sahani ya zabibu. Hawakuona kwamba ukubwa wa msiba waifuta zabibu, wala kwamba zabibu yaufuta msiba. Mwaka ulibaki na jina lake la huzuni, na Addas akabaki na pahala pake ndani ya mwaka ule. Hii ndiyo hisabu ya kweli tunayoitaka: kila jambo liandikwe kwa kadiri yake, na lisifutwe jambo kwa sababu ya jambo jingine.

Na sisi wenyewe tumeuona mwaka wa namna hiyo. Mwezi wa Machi 2020 misikiti ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Ramadhani ya mwaka 1441 ikaingia mwezi wa Aprili na milango ingali imefungwa, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiwa watu kuingia na kutoka. Tarawehe zikasaliwa majumbani, na Idi ikatupita bila ya viwanja kujaa. Wako waliofiwa wasipate kuzika kama tulivyozoea. Mwaka ule tumeuweka katika miaka ya huzuni, na ni haki yake. Lakini mwenye kumbukumbu ya uadilifu atakumbuka pia kwamba ziko nyumba ambazo watoto walimsikia baba yao akiwasalisha kwa mara ya kwanza. Kwamba wako waliozijua sura za Kurani za mama zao, ambazo kabla ya hapo walizisikia kwa imamu tu. Na kwamba misikiti ilipoanza kufunguliwa kwa masharti mwezi wa Julai, watu wazima walitokwa na machozi kwa kuona tu mikeka. Mikeka ile ile waliyokuwa wakiikanyaga miaka yote!

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameieleza sababu ya upofu huu katika Kitabu cha Subira na Shukrani cha Ihyaa yake. Neema ikiwa ya watu wote na ya siku zote, watu huacha kuiona kuwa ni neema. Pumzi haihisabiwi illa na aliyekosa pumzi. Basi furaha ndogo ni ndogo kwa sababu ya macho yetu, si kwa sababu ya nafsi yake.

Hapa yaja mashaka mawili ambayo yataka jawabu. La kwanza: je, si Karuni aliyekatazwa na watu wake asifurahi? Naam, ndivyo ilivyotajwa katika Suratul Qasas. Lakini katika Surat Yunus tumeamrishwa kufurahi kwa fadhila ya Mwenyezi Mungu na rehema yake. Aya hizi mbili hazigombani. Karuni alifurahi kwa mali aliyosema ameipata kwa ujuzi wake mwenyewe, na furaha yake ikamtenga na watu. Muumini hufurahi kwa alichopewa, na furaha yake humkaribisha kwa watu. Basi ikiwa hisabu ya furaha zako yakufanya uwadharau waliokosa, jua kwamba unasoma daftari la Karuni. Harusi iliyofanywa kwa deni ili jirani avunjike moyo, hiyo usiiandike katika furaha. Iandike katika madeni.

Shaka la pili ndilo kubwa zaidi. Husemwa kwamba maneno haya ya kuzihisabu neema ni maneno ya kuwanyamazisha wanyonge. Na kwa hakika wako wayatumiao hivyo. Mwenye nyumba huacha paa likivuja, na mpangaji akilalamika humwambia, "Mshukuru Mungu, wako walalao nje." Tajiri hucheleweshea kibarua ujira wake, kisha humwusia subira. Hii si shukrani. Hii ni dhulma iliyovikwa kanzu. Ghazali ameigawa shukrani mafungu matatu: elimu ya kujua neema yatoka kwa nani, hali ya moyo kufurahi kwayo, na amali ya kuitumia neema katika yale yanayomridhi Mtoaji. Basi mwenye paa na mwenye mali ndio waliowajibika kwanza kwa shukrani, nayo kwao ni kutengeneza paa na kulipa ujira. Ama mpangaji na kibarua, wao waweza kuifurahia sahani ya futari usiku na kuidai haki yao asubuhi, wala hapana kasoro katika shukrani yao. Aliyekula zabibu za Utba hakuacha kulingania haki mbele ya Makureshi.

Tena atasema mwenye kusema: Kurani imetufundisha kwamba tukizihisabu neema za Mwenyezi Mungu hatuwezi kuzidhibiti, ya nini basi kuhisabu? Twasema: mtu asiyeweza kuyakausha maji ya bahari hakatazwi kuteka kiasi cha kutawadha. Kuhisabu kwetu hakukusudiwi tufike mwisho. Kumekusudiwa tujue kwamba mwisho hatuufikii, na ujuzi huo haupatikani ila kwa kuanza.

Wala hatusemi kwamba mwisho wa mwaka ufanyiwe ibada makhsusi isiyokuwa na asili, au mkusanyiko wa gharama. Hisabu hii haihitaji ukumbi wala mapambo. Yatosha mtu akae na nafsi yake, au na watu wa nyumbani mwake baada ya Isha, kila mmoja ataje alichofurahi kwacho tangu Mfunguo Nne uliopita, hata kikiwa kidogo, na watoto wasikie.

Lakini twaongeza sharti moja, nalo ndilo litakaloifanya hisabu hii kuwa amali wala si mazungumzo. Mbele ya kila furaha na litajwe jina la mtu ambaye furaha ile ilipita mkononi mwake. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Mtoto alikhitimu: ni nani mwalimu wake, na ada yake imelipwa? Sahani ya futari ilikuja: sahani ile ilirudi na nini? Mgonjwa alipona: ni nani aliyekesha naye, na je, amepata kuambiwa asante? Utaona kwamba katika furaha kumi, tisa zina mtu nyuma yake, na wengi wao hawajasikia neno. Wengine mwaka ujao hatutawakuta.

Kisha mtu aligeuze daftari, ajiulize swali lililo zito kuliko yote: ndani ya mwaka huu, ni katika hisabu ya nani nimeandikwa mimi? Ni mtu gani, akizitaja furaha zake ndogo, atalitaja jina langu? Dini yetu haikumdhikisha mtu katika hili. Hata kumkabili nduguyo kwa uso mkunjufu tumeambiwa tusikudharau. Masikini aweza kuandikwa katika daftari za watu wengi, na tajiri akakosa hata moja. Asiyejikuta katika hisabu ya mtu yeyote, huyo ndiye aliyekhasirika mwaka wake, ijapokuwa hakufiwa wala hakufilisika.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufanye katika wenye kuziona neema zingali mikononi mwetu, atupe ulimi wa kushukuru na moyo wa kudai haki na kuitoa, na awarehemu waliotufurahisha wakaenda kabla hatujawaambia. Amin.