Nani Ana Haki ya Kuchoka?

Katika kikao cha mchango wa msiba hapa Hilliard, kando ya Columbus, Ohio, mama mmoja alisema mwezi huu hataweza kuongeza kitu, amechoka. Anafanya zamu ya usiku ghalani, alfajiri anaandaa watoto waende shule, na simu za Uvira, Kongo, na za kambini Nyarugusu, Tanzania, hazimwachi alale. Mzee mmoja akamkata kauli: "Mama, sisi tulikimbia vita kwa miguu, watoto mgongoni, na hatukusema tumechoka." Watu wakamuunga mkono. Mama akaomba radhi. Radhi ile ndiyo inayoniuma, kwa kuwa hakumkosea mtu.

Kukiri uchovu ni kujihurumia, na kujihurumia kumeshafafanuliwa. Tangu 2003 Kristin Neff, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, ametaja mambo matatu: kuitendea nafsi yako kwa upole, kukumbuka kwamba kila binadamu huumia, na kuyatazama maumivu bila kuyakuza wala kuyaficha. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu ni na mzee.

Hoja yake ni kwamba mateso makubwa huyanyamazisha madogo. Tuifuate basi mpaka mwisho wake. Yeye mwenyewe itambidi anyamaze mbele ya walionusurika Gatumba, Burundi, tarehe 13 Agosti 2004, usiku ambao wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa. Nao wanyamaze mbele ya waliokufa. Mwisho hatabaki hai hata mmoja mwenye ruhusa ya kulia. Kanuni inayomnyima kila mtu huruma haiwezi kuitwa ushujaa.

Tena si kweli kwamba waliokimbia hawakujihurumia. Walikaa chini ya miti, wakafunga vidonda, wakalia, ndipo wakaendelea. Waliokataa kupumzika hawakufika. Na safari ile, kwa ukali wake wote, ilikuwa na mpaka mbele. Zamu ya usiku haina. Nguvu iliyomvusha mtu wiki kadhaa za hatari haikuumbwa kubeba miaka kumi na mitano ya usingizi wa vipande.

Lakini mzee hakuitunga kanuni hiyo peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya Marekani ya 1980 inataka mgeni ajitegemee haraka iwezekanavyo. Kwa miaka mingi msaada wa mapokezi ulihesabiwa kwa siku 90, na nauli ya ndege ilikuwa mkopo alioulipa. Kabla hajajua jina la mtaa wake, mkimbizi ameshafundishwa kwamba thamani yake ni saa anazofanya kazi. Somo hilohilo mzee alilirudia kwa sauti ya babu zetu, ndiyo maana likatuingia kirahisi.

Wapo wanaohofia kwamba kujihurumia huzaa uvivu, lakini watafiti Juliana Breines na Serena Chen walionyesha mwaka 2012 kwamba wanafunzi walioongozwa kujihurumia baada ya kufeli jaribio walisoma muda mrefu zaidi kabla ya kulirudia. Wapo wanaosema mtu anaweza kujihurumia hadi akawasahau aliowaumiza. Hao wana hoja.

Nikifikiria haya humrudia mshairi Mwana Kupona, na niko radhi kupotelea huko kidogo. Utenzi wake wa 1858 kwa binti yake tunaufundisha kama kitabu cha utii wa mke. Tunasahau kwamba aliuandika akiwa mgonjwa, na kwamba ugonjwa huo aliutaja waziwazi mwanzoni, kabla ya wosia wowote. Hakuona kwamba kukiri maumivu kunampunguzia mamlaka ya kufundisha. Kisha, baada ya beti zote za wajibu, akaomba dua, naye mwenyewe akiwemo ndani yake. Wajibu na huruma kwa nafsi vilikaa katika kinywa kimoja, miaka mingi kabla ya saikolojia ya Texas.

Hata hivyo sijafika. Mama yule akijihurumia chumbani kwake huku kikao kizima kikimhesabu mzembe, je, thamani yake imesimama? Nina shaka, maana nafsi haijijengi bila macho ya wengine. Na mtoto wa kaka yake, anayesubiri karo kule kambini, hakumkosea mtu yeyote pia. Hoja zangu zote dhidi ya mzee hazimlipii muhula hata mmoja, wala sijui namna ya kumweleza kwamba shangazi yake ana haki ya kulala.