Mlinzi wa Nyumba Yako

Kila Desemba jamaa nyingi za Dar es Salaam hufunga safari kwenda Kilimanjaro, wakale Noeli kwa wazazi. Nyumba huachiwa nani? Wako wanaomchukua kijana wasiyemjua, wakamkabidhi funguo usiku wa kuamkia safari. Kufanya hivyo ni kumtia majaribuni.

Potifari hakumwekea Yosefu mali yake yote mkononi siku ile aliyomnunua. Alimtazama kwanza kazini, akaona ya kuwa Bwana yu pamoja naye. Nanyi ulizeni habari za mlinzi kwa mjumbe wa mtaa na kwa wale anaosali nao. Akae nanyi siku kadhaa kabla hamjaondoka. Andikeni pamoja naye orodha ya vitu mnavyomwachia.

Lakini kumbukeni pia: Yosefu huyo huyo alitiwa gerezani kwa neno la uongo. Kikikosekana kitu mrudipo, msimshtaki mlinzi kwa dhana tu. Mwachieni chakula cha kutosha, mlipeni ujira mliopatana. Mtume Yakobo aonya kwamba ujira ulionyimwa wafanyakazi humlilia Mungu. Basi, atakaye mlinzi mwaminifu, na awe kwanza bwana mwenye haki.