Wasikiao Sauti Walipokutana

Mwaka 1987, daktari wa magonjwa ya akili Marius Romme na mgonjwa wake Patsy Hage, aliyekuwa akisikia sauti wasizozisikia wengine, walijitokeza kwenye televisheni ya Uholanzi. Watu kwa mamia wakawapigia simu. Mwaka huohuo wasikiao sauti wakakutana mjini Utrecht, wakaulizana wenyewe: yako inasema nini? Hukujia saa ngapi? Nawe unaijibuje?

Dawa zina kazi yake, tena kubwa. Lakini mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti kama hizo, anahitaji pia wa kuzungumza naye, na inaniuma kuona tukimpita barazani bila hata salamu. Leo muulize ameamkaje, kisha mpe muda. Akikawia kujibu, huenda anasikia sauti nyingine juu ya yako.