Vifaranga na Upepo wa Ziwa

Asubuhi hii wavuvi wa Minago, kando ya ziwa, wanarudi na ndagala, na mama kuku ameshatoa watoto wake nje kuparua. Kawalalia siku 21, mpe heshima yake. Kifaranga huanguliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, ikamtosha siku 2 hivi. Basi adui wake wa kwanza si njaa, ni baridi. Wasio na mama wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 juma la kwanza, na upepo wa ziwa hauna huruma. Wakirundikana wakilia, wanasikia baridi; wakijitenga midomo wazi, joto limezidi.

Vumbi la ndagala kavu na pumba za mahindi ni chakula kizuri, ila pepeta mchanga. Mwewe tunamlaani kila siku, kumbe ugonjwa wa mdondo ndio unaofagia banda zima. Chanjo yake ya matone ni tone moja jichoni, hurudiwa kila miezi 3 au 4. Chanjeni pamoja na majirani. Kichupa kimoja huwatosha kuku wengi. Na kabla hujaenda sokoni, wabadilishie vifaranga maji, kwenye kisahani chenye kina kifupi wasije wakazama.