Deni la Mwajiri

Kuna methali isemwayo sana na watu wetu kila mtu anapoumia: ajali haina kinga. Husemwa ili kumliwaza aliyefikwa na msiba, na kwa kazi hiyo ni methali njema. Lakini maneno yaliyowekwa yawe dawa ya majonzi yakigeuzwa kuwa udhuru wa uzembe huwa sumu. Mwenye kiwanda akisimama kando ya kaburi la kibarua wake na kusema kuwa ajali haina kinga, hapana budi tumwulize swali moja: je, marehemu alifundishwa namna ya kujikinga? Kama hakufundishwa, basi kinga ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuifundisha.

Mwajiri na mfanyakazi hufanya mapatano. Mmoja hutoa fedha, na wa pili hutoa nguvu na wakati wake. Katika mapatano hayo hakuna mahali ambapo mfanyakazi ameuza macho yake, wala vidole vyake, wala mapafu yake. Aliyeingia kazini asubuhi na mikono miwili ana haki ya kurudi kwa watoto wake jioni na mikono miwili. Mshahara ni malipo ya kazi. Si bei ya viungo. Kwa hiyo mwajiri aliyelipa mshahara kwa ukamilifu amelipa deni moja tu. Deni la pili ni la maarifa. Yeye ndiye aliyenunua mashine, ndiye aliyeleta dawa ya kuua wadudu shambani, ndiye aliyeamuru shimo lichimbwe. Ajuaye hatari akanyamaza mbele ya asiyeijua ana fungu lake katika madhara yatakayotokea.

Watu wengine husema kwamba mtu mzima hahitaji kufundishwa kujihadhari, kwa kuwa kila kiumbe hupenda uhai wake. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haina miguu ya kusimama. Tazama kazi ya kusafisha mashimo ya maji machafu. Ndani yake huweza kukusanyika hewa yenye sumu, ambayo ikiwa kidogo hunuka kama mayai yaliyooza, na ikizidi huifisha pua isiweze kunusa kitu. Asiyefundishwa hudhani harufu imekwisha na hatari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imefika. Huanguka. Mwenzake aliye juu humwona, na kwa mapenzi ya ndugu hushuka mbio kumwokoa, naye huanguka. Wa tatu hufuata. Misiba ya namna hii imetokea katika nchi nyingi, na mara nyingi waliokufa kwa kutaka kuokoa wamekuwa wengi kuliko yule wa kwanza. Watu hao hawakukosa akili wala ushujaa. Walikosa somo la siku moja tu: kwamba hewa ya shimo hupimwa kabla ya mtu kuingia, kwamba aingiaye hufungwa kamba, na kwamba aliye juu humvuta mwenzake bila kumfuata. Ushujaa usio na maarifa huongeza makaburi.

Wengine hutoa hoja ya fedha. Husema mafunzo ni ghali, na mfanyakazi akiisha kufundishwa huhamia kwa tajiri mwingine. Hoja hii yafaa kujibiwa kwa hesabu yake yenyewe. Mashine iliyomkata mtu husimama, kazi hulala, fidia hulipwa, fundi mpya hutafutwa naye huanza upya, na waliobaki hufanya kazi kwa hofu, na mkono wenye hofu hauna ustadi. Hizo zote ni gharama, ila haziandikwi katika daftari mpaka siku ya msiba. Ama yule ahamaye na elimu yake, hasara yake ni ndogo kuliko ya yule abakiye na ujinga wake.

Lakini tusiiache hoja hapo, kwa maana faida si msingi wa wajibu huu. Tukisema mwajiri awafundishe watu wake kwa sababu kufanya hivyo huleta faida, je, siku kifo cha kibarua kitakapoonekana rahisi kuliko mafunzo yake, tutasema aachwe afe? Hapana. Uhai wa mtu hauwekwi katika mizani pamoja na magunia. Faida ni kivuli cha jambo jema; hulifuata, wala hailitangulii.

Methali yetu nyingine yasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huko Bangladesh, karibu na mji wa Dhaka, lilikuwako jengo liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana katika kuta zake na watu wakatolewa. Benki iliyokuwamo haikurudisha watu wake. Washonaji wa nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake, nao wakarudi, kwa kuwa waliogopa kupoteza mshahara. Asubuhi ile jengo likaporomoka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Hapa twajifunza kwamba mafunzo ya usalama si ya kibarua peke yake. Msimamizi naye afundishwe kuikomesha kazi, na mfanyakazi afundishwe kwamba ana haki ya kuikataa hatari bila kufukuzwa.

Katika nchi yetu ya Kenya jambo hili halikuachiwa hiari ya matajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kuwapa wafanyakazi habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi kadiri ya haja ya usalama wao. Tena yakataza kumrudisha mtu mahali penye hatari kubwa kabla hatari hiyo haijaondolewa. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi wote. Hata hivyo shirika hilo hilo lilikadiria katika mwaka 2023 kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa ajali na maradhi yatokanayo na kazi. Sheria ni njia, haiendi yenyewe.

Sisi walimu twajua kwamba kuambia si kufundisha. Karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa lugha asiyoisoma kibarua, si mafunzo. Mafunzo ni mkono kutenda mbele ya mwalimu mpaka uzoee, na kurudia kabla haujasahau. Tena mafunzo yasifanywe pazia la kuficha uovu. Tajiri afundishaye watu kujihadhari na gurudumu ambalo yeye amekataa kulifunika hajawalinda. Amejitafutia shahidi wa kumtetea mahakamani.

Nanyi vijana msomao haya, baadhi yenu mtakuwa waajiriwa, na wengine mtaajiri, hata ikiwa ni fundi mmoja wa kuchomelea vyuma chini ya mti. Siku mtakapomkabidhi mtu chombo cha kazi, mkabidhini pamoja nacho miwani ya kuyakinga macho yake na maarifa ya kukitumia. Baba yake na mama yake walimlea miaka mingi ili aje kwenu mzima. Ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa.