Je, Kunyamaza Kwaweza Kuuzwa?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika zama zetu mtungi umekuwa kompyuta na simu, na kata ni kila mkono unaofika ndani yake: fundi, mlinzi, au mnunuzi wa vitu vilivyokwisha tumika. Basi yatupasa tuulize: Je, mtu aliyeiona siri ya mwenziwe, hata kama hakuvunja mlango, amekwisha kuwa mwenye siri hiyo, hata aweze kumwuzia ukimya wake?

Swali hili si la kubuni. Michael Schumacher wa Ujerumani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mara 7, aliumia kichwa vibaya sana alipoanguka akiteleza juu ya theluji huko Ufaransa tarehe 29 Desemba 2013. Tangu siku hiyo watu wa nyumba yake wameisitiri hali yake. Mwaka 2024 walidaiwa euro milioni 15, la sivyo picha zaidi ya 900, video karibu 600 na habari za matibabu zingetangazwa kwa dunia nzima. Mwezi wa Februari 2025 mahakama ya mji wa Wuppertal iliwatia hatiani watu watatu, na aliyekuwa kiongozi wao akapewa kifungo cha miaka 3. Mmoja wa waliohukumiwa alipata kuwa mlinzi wa familia ile ile.

Picha hizo hazikuokotwa jalalani. Lakini ziko siri nyingi ambazo huokotwa kweli. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walieleza jinsi walivyonunua diski 158 za kompyuta zilizokwisha tumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa barabara. Katika nyingine walikuta barua, habari za ugonjwa, na nambari za kadi za fedha zaidi ya 5,000. Sababu yake ni nyepesi. Tunapofuta barua katika kompyuta, kwa kawaida mashine huondoa tu jina lake katika orodha, kama mtu anayechana ukurasa wa yaliyomo kitabuni. Kurasa zenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Sasa wako wasemao: "Aliyetupa ametupa, na mwenye kuokota hana kosa." Jawabu letu ni kwamba mtu hawezi kutupa asichojua kuwa anacho. Yeye ametupa chuma, wala hakuyatupa maisha yake, alidhani ameyafuta. Na hata kama angekuwa ameghafilika kabisa, barua za ndani si zake peke yake. Mna maneno ya mkewe, cheti cha daktari cha mwanawe, na maombi ya rafiki aliyekopa kwa siri. Je, hao nao wametupa nini? Katika mafundisho ya Kiislamu kitu kilichookotwa huwa ni amana mkononi mwa aliyekiokota, naye hutakiwa kukitangaza ili mwenyewe apatikane. Ikiwa mfuko wa fedha una heshima hiyo, heshima ya mtu itakosaje?

Wengine husema: "Mchezaji mashuhuri ni mtu wa umma." La hasha! Mtazamaji alilipa kiingilio aone mbio. Hakununua kitanda cha mgonjwa. Umashuhuri huhusu lile alilolifanya mtu mbele ya watu, wala hauvunji kuta za nyumba yake.

Lakini iko hoja nyingine iliyo kali zaidi, na yafaa tuitazame kwa makini. Husemwa hivi: "Kunyamaza si kosa. Kuomba fedha si kosa. Hata kusema jambo la kweli si kosa. Basi inakuwaje mambo matatu yasiyo makosa yakikutana yazae jinai?"

Ndugu msomaji, hebu tuyatenganishe. Siri uliyoiona ni ya namna mbili. Ama ni jambo lisilomdhuru mtu mwingine, kama ugonjwa, deni au huzuni ya nyumbani. Hapo kunyamaza ni wajibu wako tayari, na mtu hawezi kumwuzia mwenziwe kile anachomdai. Ni sawa na mdeni anayetaka kulipwa ili alipe deni lake. Ama ni jambo linalodhuru wengine, kama wizi wa mali ya umma au mtoto anayeteswa. Hapo kusema mbele ya wenye mamlaka ndio wajibu, na mwenye kuuza ukimya wake anawauza wale wanaodhulumiwa. Kwa hiyo katika hali ya kwanza ukimya si mali yako, na katika ya pili hauruhusiwi kabisa. Huenda mtu akaongeza kwamba liko jambo la tatu, la mzaha, lisilowajibisha kusema wala kunyamaza. Kweli liko, lakini jambo hilo halina mnunuzi, kwani kinachoipa siri bei ni hofu. Basi aliyepokea fedha zile hakuuza ukimya. Ameuza hofu aliyoitia yeye mwenyewe.

Tena biashara hii haina mwisho. Anayenunua ng'ombe huondoka na kamba mkononi. Lakini anayelipia siri haondoki na kitu, maana nakala hufanywa kwa dakika moja, na aliyelipa leo amekwisha kuonyesha kwamba hata kesho ataweza kulipa.

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Ni jambo jema. Hata hivyo sheria mara nyingi hufika baada ya machozi, ilhali dhamiri ilikuwapo tangu mwanzo. Sura ya Al-Hujurat imekataza kupelelezana, na katazo hilo halikumtoa yule ambaye mlango aliukuta wazi.

Basi, ewe unayeuza au kugawa kompyuta yako, usitosheke na kufuta. Mwombe fundi mwaminifu aisafishe diski yote, au uivunje. Nawe fundi, au mnunuzi, utakapofungua mashine jioni ukiwa peke yako na picha za watu usiowajua zikakutokea, jua kwamba hapo ndipo unapopimwa. Hakuna shahidi, mwenye mali yuko mbali, na pengine kodi ya nyumba yakusumbua. Funga usichopaswa kukiona, kifute, na kama mwenyewe anajulikana mwarifu bila kumtaka kitu. Kila mmoja wetu ana ukurasa asiopenda usomwe barabarani. Tumsitiri mwenzetu kama tunavyotamani kusitiriwa, na Mwenyezi Mungu atusitiri sote. Amin.