Kisa cha Mgonjwa Mmoja

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wapo wataalamu wa tiba walio na hoja kama hiyo dhidi ya ripoti inayoeleza kisa cha mgonjwa mmoja tu. Husema: mmoja si kitu, tuletee elfu, tuwagawe mafungu mawili, hawa wapewe dawa na wale wasipewe, kisha tuhesabu. Hoja yao ina nguvu, nawe msomaji usiidharau. Lakini kabla ya kuhesabu elfu lazima mtu ajue anahesabu nini, na jambo hilo atafundishwa na nani?

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya, kuume na kushoto, juu na chini. Burkitt alishangaa, kwa kuwa uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja, na huu ulitokea pembe nne kwa mara moja. Mambo yangaliweza kuishia hapo, maana mpasuaji ana kazi nyingi na wodi haikosi mgonjwa mwingine. Baada ya wiki chache, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine nyasini pamoja na mama yake, uso wake umevimba vile vile. Mtoto mmoja alikuwa ajabu. Wawili walikuwa swali.

Alipekua madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za watoto hao na wenzao katika jarida la upasuaji la Uingereza. Kisha akapeleka picha kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamepata kumwona mtoto wa namna hii. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, maili 10,000 hivi, wakienda hospitali hata hospitali na kuuliza swali lile lile.

Waliona kwamba ugonjwa hutokea katika nchi za joto na mvua, na hutoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Sisi wa Voi twaweza kulifahamu jambo hili bila ramani. Mji wetu uko chini ya meta 600 kutoka usawa wa bahari, na mbu ni jirani zetu wa kila usiku. Lakini panda gari uende Wundanyi, na muda si mrefu utatafuta sweta. Kilima chaweza kuwa mpaka wa maradhi.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa amehutubia London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Huyu aliomba aletewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani yake kirusi kisichojulikana, nacho kikawa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa na mkono katika saratani ya binadamu.

Hata hivyo dhana ya kwanza, kwamba mbu ndiye amchukuaye kirusi hicho, haikusimama. Kirusi huenea kwa mate, na karibu watu wazima wote duniani wanacho. Aletacho mbu ni malaria, nayo huudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto. Kisa kilifungua mlango, lakini hakikueleza yaliyomo chumbani.

Wapo waliosahau tofauti hiyo, na madhara yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenziwe walichapisha London habari za watoto 12, wakihusisha chanjo ya surua na maradhi ya usonji. Ilionekana baadaye kwamba habari zenyewe zilipotoshwa, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo. Kufikia hapo wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwanyima watoto wao chanjo. Burkitt aliuliza, huyu alitangaza jibu.

Lipo jambo jingine, nami naliona zito kuliko hesabu. Mwenye kisa ni nani? Ugonjwa ule huitwa kwa jina la daktari, si la mtoto. Siku hizi majarida ya heshima hudai idhini ya mgonjwa au ya mzazi, na jina hufichwa. Lakini katika kijiji cha milimani Taita, taja tu umri wa mtoto, ukoo wa mama yake na mahali alipovimba, na hapana asiyemjua.

Basi, mama akikataa, nasi twajua kwamba kisa cha mwanawe chaweza kuwafaa watoto wa mbali, tufanyeje? Wengine watasema faida ya wengi ishinde. Mimi nashika kwamba neno la mama lisimame. Yeye alikuja kutafuta dawa, hakuja kutoa somo. Tena, kisa kikichukuliwa kwa nguvu, habari hufika sokoni kabla ya kufika jaridani, na mama wa pili humficha mtoto wake ndani. Na daktari atazamapo dirishani, huona nyasi tupu.